Majedwali ya dadu na vitabu vya vidokezo: mnavitumiaje kuandaa kikao cha RPG?

Mwendeshaji_Kusi:

Wakuu, habari zenu. Naendesha RPG ya mezani (mchezo wa kusimulia ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake) kwa wachezaji wanne, kila kikao saa tatu. Simulizi iko Kilwa ya karne ya 14: majahazi, dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, ugomvi wa wafanyabiashara. Ninavyo vitabu kadhaa vya vidokezo vyenye majedwali: unarusha dadu, namba inakupeleka kwenye mstari wenye wazo la kutumia, na baadhi ya majedwali yana mistari 100.

Shida ni tatu. Matokeo hayashikani: narusha napata mzee kipofu, kisha mbuzi aliyepotea, kisha mnara ulioanguka, na hakuna kinachoviunganisha. Pili, nikirusha katikati ya mchezo meza inapoa huku natafuta ukurasa. Tatu, vitabu vingi vinachukulia kwamba tuko Ulaya ya kale, misitu yenye theluji na nyumba za wageni njia panda. Dadu nilizonazo ni za ludo tu, za pande sita.

Jedwali linalofaa linakuwaje? Na nini kirushwe nyumbani, nini mezani?

MchoraRamani:

Mkuu, jambo linalohitaji kufikiriwa lirushe nyumbani. Linalohitaji kutokea tu, lirushe mezani. Nani anamdai nani, kwa nini ghala limefungwa, mzigo umefichwa wapi: hayo ni ya nyumbani. Upepo wa leo, nani anapita uchochoroni, mlinzi anawapokea wageni kwa sura gani: hayo ni ya mezani, na majedwali yake yawe yamenakiliwa kwenye karatasi moja iliyo mbele yako. Kitabu kibaki kwenye begi. Meza inapoa kwa sababu ya kufunua kurasa, dadu zenyewe hazichukui hata sekunde tano.

Kuhusu kushikana: dadu haziunganishi chochote, kazi hiyo ni yako, na inawezekana tu kama vitu ni vichache. Rusha vitatu, basi. Vitu vitatu vina jozi tatu za kutafutia uhusiano. Vitano vina jozi kumi, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Kisha jiulize: nani anataka nini kutoka kwa nani, na nini kinamzuia?

Chukua hivyohivyo ulivyopata. Mzee kipofu ndiye mwenye mbuzi. Mbuzi hakupotea, anakwenda mnarani kila jioni kwa sababu kuna mtu humo anamlisha. Mtu huyo ni baharia aliyetoroka deni la nahodha wake, na kwenye kamba ya shingo ya mbuzi amefunga sarafu za shaba ili zimfikie dada yake mjini. Mzee anasikia sarafu zikigongana lakini hajui ni nini. Sasa mchezaji akimgusa yeyote kati ya hao watatu, wengine wawili wanatikisika. Kitu kimoja kikigoma kuungana baada ya dakika tano, kirushe upya mara moja, kisha endelea na ulichopata.

Mstari wa jedwali nao uwe na nani, anafanya nini sasa hivi, na dalili moja inayoonekana au kusikika. "Majambazi 6" hausaidii, kwa sababu kazi yote ya kubuni unaiacha kwa saa ambayo watu wanne wanakutazama. Andika hivi: "Wachukuzi sita wamebeba pembe usiku bila taa, mmoja anachechemea, wanataka kufika ufukweni kabla maji hayajajaa." Hapo kuna haraka, kuna siri, na kuna udhaifu ambao wachezaji wanaweza kuutumia, kwa wema au kwa ubaya.

Idadi: kikao cha saa tatu hutumia matokeo manne hivi ya mezani. Mahali pa kupita mara moja panatosha mistari 6, eneo la kurudi mara kwa mara mistari 11 (jumla ya dadu mbili, 2 hadi 12). Jedwali la mistari 100 lichukulie kama duka, chagua kumi inayokufaa kwa penseli.

BiKete:

Naongezea upande wa hesabu, maana hapo ndipo majedwali mengi ya kujitengenezea yanapoharibika.

Dadu moja inatoa nafasi sawa kwa kila mstari. Dadu mbili zikijumlishwa hazitoi nafasi sawa. Kuna michanganyiko 36, na 7 inapatikana kwa njia sita (16.7%), lakini 2 na 12 kila moja kwa njia moja tu (2.8%). Mistari ya 6, 7 na 8 peke yake inachukua 44% ya marusho yote. Kwa hiyo maisha ya kawaida ya eneo yakae katikati, na maajabu yakae pembeni. Kuna wanaoandika mistari kwa mpangilio wa jinsi ilivyowajia kichwani, halafu wanashangaa joka linatokea kila siku na wavuvi hawaonekani.

Usijali kukosa dadu za pande nyingi. Kwa mistari 36 yenye nafasi sawa, chukua dadu mbili za rangi tofauti, nyekundu isome kama makumi na nyeupe kama mamoja, usijumlishe. Mistari itaanzia 11 hadi 16, kisha 21 hadi 26, mpaka 66. Taja rangi ipi ni makumi kabla ya kurusha. Kwa mistari 12, dadu ya kwanza ikitoa 1 hadi 3 unasoma ya pili ilivyo, ikitoa 4 hadi 6 unaongeza 6 kwenye ya pili. Kwa mistari 10, rusha moja na 6 ikitokea urudie, kisha rusha ya pili: ikiwa shufwa ongeza 5, ikiwa witiri acha.

Jambo jingine ni msimu. Badala ya kuandika jedwali la kusi na jingine la kaskazi, andika moja la 2 hadi 13, na wakati wa kaskazi ongeza 1 kwenye jumla. Hapo mstari wa 2 hauwezi kutokea kabisa, wa 13 unafunguka, na kilele kinahama kutoka 7 hadi 8. Karatasi ni moja lakini bahari zinakuwa mbili.

Shajara_ya_Pwani:

Kuhusu vitabu vya Ulaya, usivitupe. Toa umbile la kidokezo, acha nguo zake. "Mwenye nyumba ya wageni anaficha mgeni" lina umbile zuri: mtu anayepokea wageni ana siri. Ila pwani ya wakati ule haikuendeshwa hivyo. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu kila mfanyabiashara aliyeshuka alichukuliwa na mwenyeji, akalala kwake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Kwa mchezo hilo ni bora mara kumi kuliko hoteli, maana mwenyeji ana maslahi, ana heshima ya kulinda, na mgeni hawezi kuuza nje ya mkono wake bila ugomvi. Tengeneza jedwali la wenyeji sita: kila mmoja jina, anachopenda kununua, na anayemdai.

Ukinakili majedwali ya vyakula na mashamba, chuja. Mahindi, mihogo, pilipili na korosho vilitoka Amerika, havikuwapo Kilwa ya karne ya 14. Mashamba ya karafuu ya Unguja ni ya karne ya 19. Weka mtama, mchele, nazi, samaki, asali. Na chombo kinachowafaa zaidi ni mtepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, tanga ni mkeka. Hilo linakuandikia jedwali la madhara bila jasho, kwa sababu mshono ukilegea maji yanaingia polepole na watu wanafua maji (wanayachota na kuyamwaga nje) usiku kucha badala ya chombo kupasuka ghafla.

Andaa pia majina 20, kila moja na kazi yake. Hilo ndilo jedwali litakalotumika kuliko yote, wachezaji huuliza jina la kila mtu mpaka muuza maji. Ukitumia jina, likate na uandike aliyelichukua, vinginevyo kikao kijacho muuza maji atakuwa na majina mawili.

Mwendeshaji_Kusi:

Asanteni sana. Nimeandika hili la safari ya Kilwa hadi Unguja, dadu mbili, narusha mara moja kwa siku, safari siku 4. Naomba mlikosoe.

2: nyangumi. 3–4: upepo umekatika. 5–6: wavuvi wanauza samaki. 7: dhoruba, chombo kinazama. 8–9: hakuna kitu. 10–11: maharamia. 12: kisiwa kisicho kwenye ramani.

BiKete:

Ndugu, tazama ule mstari wa 7. Nafasi yake ni moja kwa sita kila siku, na kwa siku nne nafasi ya kuzama angalau mara moja ni 52%. Zaidi ya nusu ya safari zako zinaishia chini ya maji. Hata ukiuhamishia mstari wa 2 inabaki karibu 11%, bado ni nyingi kwa tukio linalofunga simulizi. Kwa hiyo badilisha mstari wenyewe, usiishie kubadilisha namba. Andika: "Wingu jeusi kusini. Tanga lishushwe na siku ipotee, au wakimbilie Mafia na mishono ilegee." Wachezaji ndio wachague hasara yao. Uweke kwenye 4, na upepo kukatika ubaki na 3.

Maharamia kwenye 10–11 ni 14% kwa siku, 45% kwa safari. Waachie 11 tu. Kwenye 10 weka dalili yao: tanga lililopasuka linaonekana mbali, halijibu salamu.

Wavuvi wako ni robo ya marusho yote, na mstari wao haufiki popote. Wauze samaki na habari: wameona chombo kikipita alfajiri, watu wake wakifua maji kimyakimya. 8–9 ya "hakuna kitu" igawe, 9 ibaki tupu, 8 pamoja na 7 iliyobaki wazi ziwe za ndani ya chombo, kwa mfano mabaharia wawili wanagombea mgawo wa maji. Siku tupu zinahitajika, la sivyo bahari inageuka sokoni, lakini robo nzima ni nyingi.

Na wewe unayejiita Kusi umesahau kuitumia. Safari ya kwenda kaskazini inafaa kwa kusi, takriban Aprili hadi Septemba. Ya kurudi Kilwa inangoja kaskazi, Desemba hadi Machi. Wachezaji wakichelewa Unguja wanakwama kwa miezi. Hilo halihitaji dadu, waambie tarehe tu.

Mwendeshaji_Kusi:

Nimekupata, dada. La mwisho: matokeo yakijirudia, au nikipata kitu ambacho moyo unakikataa?

MchoraRamani:

Yakijirudia, ni watu walewale wakiwa wamesogea hatua moja. Wavuvi wa jana leo wanawakimbilia kwa sababu chombo kile kimewaibia nyavu. Baada ya kikao kata mistari iliyotumika, andika mipya mahali pake, dakika kumi zinatosha.

La moyo kukataa, liamue kabla. Kama jibu moja huwezi kulikubali, usirushe, amua mwenyewe. Ukirusha mbele ya wachezaji halafu ukabadilisha, wataliona usoni mwako, na kuanzia hapo hakuna atakayeogopa dadu zako. Mimi hurusha wazi, katikati ya meza, na yule mchezaji ambaye mhusika wake yuko zamu ndiye anayeshika dadu.

Shajara_ya_Pwani:

Kwenye zamu naunga mkono. Ila jedwali la sura ya mlinzi au nahodha mgeni rusha wewe, dadu mbili, kabla hajafungua mdomo: 2 anashambulia au anaita wenzake, 3–5 anatafuta sababu ya kuwafukuza, 6–8 anasikiliza kwanza, 9–11 yuko tayari kufanya biashara, 12 anawakaribisha kama ndugu. Anayeleta zawadi ya kitambaa, ongeza 1. Namba hiyo usiitangaze, waione kwa jinsi anavyowasalimia.