Kutundika mapazia katika nyumba ya kupanga Goma bila kuharibu ukuta: njia ipi kwa dirisha lipi?

Mpangaji wa Himbi

Salamu kwenu nyote. Mwezi ujao ninahamia katika nyumba ya kupanga mtaani Himbi, na mkataba nilioutia sahihi unakataza kupigilia msumari au kutoboa ukuta bila idhini ya mwenye nyumba. Nimeweka garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi 3 na ningependa kuipata yote siku ya kuondoka, kwa hiyo natafuta namna ya kutundika mapazia isiyoacha alama. Ugumu ni kwamba madirisha yenyewe hayafanani. Dirisha la sebuleni lina upana wa sentimita 240, fremu yake ni ya chuma, antivoli, yaani nondo za kuzuia wezi, iko upande wa ndani, na ukuta ni wa matofali ya saruji uliopigwa plasta na kupakwa rangi ya maji. Vyumba viwili vya kulala vina madirisha ya sentimita 110 kwa 115 yaliyozama ukutani kiasi cha kiganja, yaani kila upande kuna ukingo. Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye, nacho ni cha mbao kwa nje na tripleksi (plaiwudi) kwa ndani, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu zilizosimama juu ya lava.

Njia ninazosikia zikitajwa ni tatu: fimbo ya kukaza yenye springi ndani, ambayo hubana kati ya kingo mbili za dirisha bila skrubu; ndoano za kubandika kwa gundi, zinazoshikilia fimbo nyepesi; na waya wa pazia unaovutwa kutoka pembe moja hadi nyingine. Naomba wenye uzoefu wazilinganishe, si kwa bei tu, bali hasa kwa kile zinachokiacha zinapoondolewa.

Fundi wa Ndosho

Karibu, ndugu. Mimi ni seremala, na mteja anaponiuliza anunue fimbo gani, nami humuuliza karibu na dirisha lake kuna kitu gani kinachoweza kubeba mzigo. Katika nyumba zetu nyingi kitu hicho si ukuta, ni antivoli. Chuma kilichowekwa ili kumzuia mwizi hakiwezi kusumbuliwa na kilo tatu au nne za kitambaa. Kwa dirisha lako la sebuleni ningechonga vipande vitatu vya ubao, viwili vya pembeni na kimoja cha katikati, nikavifunga kwenye nondo za juu za antivoli kwa vibano vya chuma vya mabomba ya maji. Kati ya kibano na nondo hutiwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili rangi isikwaruzike, kwa sababu rangi ikitoka kutu itaanza hapohapo. Fimbo inapita mbele ya antivoli kwa sentimita tano au sita ili pazia lisisuguane na chuma. Siku ya kuhama unalegeza vibano kwa bisibisi, na antivoli inabaki kama ulivyoikuta.

Usikiache kile kipande cha katikati, kwani fimbo ya sentimita 240 isiyoshikwa katikati huweza kupinda hata kama ni ya bomba la chuma. Mwanzi pia unafaa, ni mwepesi na haupindi upesi, mradi uwe umekauka kabisa kabla ya kutumiwa. Mwanzi mbichi huingiwa na wadudu, na unga wao utauona chini ya dirisha kila asubuhi.

Waya ninautilia shaka kwa dirisha pana. Waya uliokazwa hauzivuti ncha zake kwa uzito wa pazia peke yake. Pazia la kilo 2 likienea sawasawa kwenye waya wa sentimita 150, na waya ukabonyea sentimita 2 tu katikati, kila ncha huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 19. Ukiuacha ubonyee sentimita 4, nguvu hiyo hupungua hadi nusu. Kadiri mtu anavyoukaza waya ili unyooke, ndivyo anavyouvuta msumari utoke pamoja na plasta. Kwa dirisha dogo hauna ubaya, ukifungwa kwenye nondo za antivoli na si kwenye msumari, nawe ukakubali kuuona umelegea kidogo.

Mama Furaha, Katindo

Fundi amemaliza habari ya sebule, mimi nizungumzie vyumba vya kulala. Madirisha yaliyozama ukutani ndiyo mahali pa fimbo ya kukaza, na kwa upana usiozidi sentimita 120 sioni njia iliyo bora kuliko hiyo. Nguvu yake yote inatokana na msuguano wa mipira miwili ya ncha zake. Kingo zikiwa na vumbi, au zikiwa zimepakwa chokaa inayochafua mkono, fimbo itateleza usiku na kuamsha nyumba nzima. Zifute kwa kitambaa chenye maji, zikauke, kisha irefushe fimbo hadi izidi upana wa dirisha kwa sentimita mbili au tatu, uibonyeze, ndipo uiingize mahali pake. Zaidi ya hapo usiikaze. Plasta ya kingo za dirisha mara nyingi ni nyembamba, na mpira unaosukuma kwa nguvu nyingi huacha duara lililodidimia au kupasua pembe. Kipande cha ubao mwembamba kati ya mpira na plasta kinaeneza nguvu hiyo na kukuondolea hofu.

Sasa kitambaa, ambacho watu hukisahau wakati ndicho kinachoamua mengine yote. Kitenge kizima cha yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, na kwa kawaida uzito wake ni karibu kilo 1. Ukikikata vipande vinne vya urefu ulio sawa, kila kimoja kinatoka na sentimita 137, na baada ya kushona pindo la juu na la chini unabaki na urefu unaotosha kwa sentimita 115 zako. Vipande viwili kwa kila dirisha vinakupa upana wa zaidi ya mita 2, ambao ni karibu mara mbili ya dirisha lenyewe, na hicho ndicho kipimo kinacholipa pazia mikunjo mizuri. Kwa hiyo kitenge kimoja kinavaa madirisha yako mawili, na kila fimbo inabeba takriban nusu kilo. Ukichagua velua (mahameli), uzito huo huongezeka mara mbili au zaidi, na hapo fimbo ya springi huanza kuchoka.

Pindo la juu lishonwe kama mfuko wa kupitisha fimbo, bila pete. Nalisema hili kwa ajili ya vumbi letu jeusi, linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa: mapazia ya Goma yanaoshwa mara nyingi kuliko ya kwingine, na anayechota maji kwa bidoni hataki pazia zito wala fimbo inayohitaji ngazi na bisibisi kila wakati wa kufua.

Mkaaji wa Nguba, Bukavu

Ndoano za kubandika zisamehewe kidogo, lakini zisisifiwe ovyo. Huku kwetu mvua huanza Septemba na kwenda hadi Mei, na ukuta wa nje wa nyumba iliyojengwa kwenye mteremko unaweza kuwa na unyevu ndani ya plasta kwa majuma mengi bila kuonekana. Gundi haishiki ukuta, inashika rangi. Rangi ikiwa imeachana na plasta kwa ajili ya unyevu, ndoano itadondoka na ngozi ya rangi yenye ukubwa wa kiganja, na hasara hiyo ni kubwa kuliko tundu la msumari.

Kabla ya kununua, pitisha kiganja kavu ukutani. Kikitoka na weupe, hiyo ni chokaa au rangi ya maji iliyochakaa, na hapo hakuna gundi itakayokaa. Kisipotoka na kitu, bandika utepe wa kawaida wa gundi mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kabati, uusugue vizuri, uuache hadi kesho yake, kisha uuvute taratibu. Ukitoka safi, jaribu ndoano. Ukitoka na rangi, achana nazo. Zinaposhika vizuri ni juu ya rangi ya mafuta, mbao zilizopigwa vanishi, vigae na chuma. Pafute kwa spiriti, bonyeza ndoano kwa nguvu, na usiitundikie kitu siku ya kwanza. Katika kuondoa, zile zenye mkia wa kuvuta huvutwa kuelekea chini sambamba na ukuta, wala si kuelekea kwako. Utepe wa povu wenye gundi pande mbili hauna mkia huo, na kwenye nyumba ya kupanga ningeukataza kabisa.

Mwalimu wa Keshero

Ndugu zangu, mnahangaika sana kuukwepa ukuta, wakati mkataba haujakataza kutoboa. Umekataza kutoboa bila idhini. Kwa dirisha la sentimita 240, matundu manne au sita yaliyopimwa vizuri, yakazibwa kwa mastiki na kupakwa rangi ileile siku ya kuondoka, ni jambo dogo kuliko mnavyolikuza. Mwandikie mwenye nyumba karatasi moja inayotaja idadi ya matundu, mahali pake na nani atayaziba, muitie sahihi wote wawili. Jambo kubwa zaidi ni orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia, pamoja na picha za kila ukuta zenye tarehe, kwa kuwa matundu ya mpangaji aliyetangulia ndiyo yanayomla mpangaji mpya. Tena, Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu mikataba ya kupanga isiyo ya kibiashara imeweka ukomo wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi 3, hivyo hiyo uliyoitoa tayari imefika juu kabisa. Asije mtu akakuomba nyongeza kwa ajili ya mapazia.

Fundi wa Ndosho

Mwalimu, kuhusu orodha na picha nakubaliana nawe moja kwa moja. Kuhusu matundu, inategemea kilicho nyuma ya plasta. Matofali ya saruji yenye uwazi ndani yana ganda jembamba, na mashine ya kutoboa ikilipasua, skrubu itashika hewa; tundu la milimita 6 linageuka kuwa shimo la kupitisha kidole. Ukuta wa mawe ya volkano una tabia nyingine: jiwe lenyewe ni gumu na lina vitundu vyake, ncha ya mashine huteleza kando, na anayelazimisha huishia kuharibu saruji iliyo kati ya mawe. Idhini ya mwenye nyumba haizuii hayo. Kugonga kwa kifundo cha kidole kunasaidia kujua kama ndani kuna uwazi, na wapangaji wengi hawagongi.

Dada wa Majengo

Naongeza jambo moja ambalo halikutajwa. Kwa kuwa fremu ya sebuleni ni ya chuma, zipo fimbo zenye sumaku kwenye ncha, na hazidai gundi wala kibano. Zinafaa kwa pazia la tuli tu, lile jepesi la mchana, na sumaku hushika vibaya juu ya rangi nene iliyorudiwa mara nyingi. Kwenye fremu ya alumini hazishiki kabisa, kwa hiyo peleka sumaku yoyote ndogo ukajaribu kabla ya kutoa pesa.

Nami nina swali kwa niaba ya wengi: chumba cha mbao kinafanywaje? Fimbo ya kukaza ikisukuma mbao nyembamba, si itaziachanisha?

Fundi wa Ndosho

Itaziachanisha, dada, au itaifanya fremu ya dirisha ilie kila upepo wa ziwa unapovuma. Tripleksi nayo haibebi kitu. Skrubu iliyoingia kwenye tripleksi peke yake hutoka ndani ya juma moja, na ile ya darini ni dhaifu zaidi, kwa hiyo asitundike mtu pazia kutoka juu. Fremu ya dirisha katika nyumba za mbao kwa kawaida hutokeza mbele ya tripleksi kwa sentimita mbili hivi. Hapo hufungwa vibano vidogo vya seremala vyenye umbo la herufi C, vikiwa na kipande cha ngozi au mpira kila upande, na juu yake unalazwa mwanzi. Kama fremu haitokezi, basi atengenezewe nguzo mbili za mikaratusi zenye miguu mipana na mti wa juu, zisimame mbele ya dirisha bila kugusa kitu, na vichwa vyake vifungwe kwenye antivoli kama ipo. Hasara yake ni nafasi, na pia watoto, wanaopenda kuzivuta.

Na katika chumba hicho cha mbao, pazia lisifike karibu na mahali pa mshumaa au jiko la makaa. Umeme ukikatika, watu huweka mshumaa dirishani.

Mpangaji wa Himbi

Nawashukuru, wazee wangu na mama zangu. Nimekwenda na sumaku, nikagonga kuta, nikapitisha kiganja. Kiganja kimetoka cheupe sebuleni, kwa hiyo ndoano zimeanguka kabla sijazinunua. Ukuta unalia kama ngoma pande zote mbili za dirisha, nami nimekata shauri kufuata antivoli. Vyumba vya kulala vitapata fimbo za kukaza na kitenge kimoja alichokikata Mama Furaha kwa hesabu. Kwenye chumba cha nyuma fremu inatokeza sentimita moja na nusu tu. Je, fundi, kibano kitashika?

Fundi wa Ndosho

Kitashika, ukitumia kibano chenye taya fupi na mwanzi usiozidi unene wa kidole gumba. Chora kwanza mstari wa penseli juu ya fremu, vibano vyote viwili vikae juu ya mstari huo, maana dirisha la chumba cha mbao ni nadra kuwa limenyooka, na macho huliona pazia kabla ya kuliona dirisha.