Nimepigwa na hii biashara ya kugeuza haibridi (gari ya mafuta na umeme) iwe ya kuchaji, unayetaka kufunga soma kwanza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Leo asubuhi ile pembetatu nyekundu imewaka tena kwenye dashibodi, mara ya nne hii tangu nifungiwe hii takataka ya betri ya ziada, nachomeka mashine ya kupima inaniletea P0A80, yaani gari inasema betri yake kubwa ya asili imechoka, badilisha. Betri ambayo kabla sijakutana na hawa jamaa haijawahi kunisumbua hata siku moja!

Gari ni Toyota Prius kizazi cha pili, zile za 2004 hadi 2009. Betri yake ya asili ni ya nikeli, vipande 28, volti 201 na kidogo, inabeba kama uniti 1.3 tu za umeme na hata hizo huruhusiwi kuzitumia zote, kompyuta inachezea kati ya asilimia 40 na 80 hivi ili isizeeke haraka. Sasa wanakuja watu na maneno matamu kwamba wanakufungia lithiamu kwenye buti, uniti 4, unachomeka ukutani usiku, asubuhi unatembea kwa umeme mafuta unasahau. Nikaona video, nikaona skrini inaonyesha namba za ajabu za unywaji wa mafuta, nikaingia kichwakichwa. Mbuzi kwenye gunia.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba gari HAIJUI kama imeongezewa betri. Hapo ndo shida yote ilipo. Seti niliyofungiwa ni seli 16 zimeunganishwa mstari mmoja, volti 51, alafu kuna konveta inapandisha hiyo volti mpaka mia mbili na kitu ili isukume umeme kwenye betri ya asili. Konveta yenyewe uwezo wake kilowati 3. Tatu! Gari ikipanda mlima au ukiondoka kwa nguvu inataka kilowati 15, 20 na zaidi, sasa hiyo tatu inafanya nini hapo, ni kama kujaza pipa kwa kikombe huku chini kuna mtu kafungua koki. Injini inawaka vilevile kama zamani, sana sana inapumzika kidogo ukiwa unatembea polepole kwenye tambarare.

Na hata ukiwa na mguu mwepesi kama wa mchungaji, kizazi hiki cha pili ukivuka kama kilomita 67 kwa saa injini lazima izunguke tu, upende usipende, kwa sababu ile mota ndogo ya umeme, wanaiita MG1, injini ikiwa imesimama itazunguka kasi kuliko uwezo wake. Hiyo ni namna gia ilivyoundwa, hata ungebeba betri ya basi kwenye buti haibadiliki. Kitufe cha EV, kile cha kutembea kwa umeme mtupu, nacho kinakataa mapema zaidi, hamsini na kitu tu kinajizima. Nilimuuliza jamaa kabla sijalipa, barabara kubwa itakuwaje, akanijibu "utazoea". Nikacheka, nikadhani ananitania.

Sasa linganisheni wenyewe. Toyota walipotoa Prius ya kuchaji kutoka kiwandani, ile ya 2012, betri yake ilikuwa uniti 4.4. Yaani karibu sawa kabisa na hili boksi langu. Lakini ile inafika kilomita 100 kwa saa kwa umeme mtupu, kwa sababu tangu mwanzo imeundwa ikijua ina betri ya aina gani. Ya kwangu inadanganywa. Kuna kiboksi kidogo wamekipachika kwenye waya za kompyuta ya betri, kazi yake ni kuongopa tu, kuiambia gari "chaji ipo, chaji ipo" ili iachie umeme. Ukiona ile grafu ya betri imejaa kijani muda wote usifurahi, ni uongo ule.

Na huo uongo una kilichonichekesha mpaka nikataka kulia. Betri ya Prius ikiona imejaa sana, gari inaanza kuzungusha injini kwa umeme ili kupunguza chaji, na breki zinaacha kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo nateremka mlima, umeme wangu nimeulipia ukutani, injini inanguruma kwa ajili ya KUUPOTEZA. Mama watoto siku hiyo aliniuliza kwa upole kabisa, "hii ndo ile haitumii injini?" Sikujibu, niliongeza sauti ya redio.

Foleni ndo balaa lenyewe. Umesimama, gari haitumii kitu, konveta yenyewe inaendelea kupampu kilowati zake 3, hizo ni kama ampea 14 zinaingia kwenye betri ya ampea-saa 6.5, tena ishakuwa na umri, tena feni yake ya kupoza iko pale pembeni ya kiti cha nyuma na wao wamelibananisha boksi lao hukohuko. Joto linapanda, feni inalia kama hea draya, ukishika pale pembeni ya kiti unatoa mkono. Miezi nane hivyo. Alafu mtu ananiambia betri ya asili "ilikuwa imeshazeeka tu mkuu". Ilizeeka vipi ghafla?

Konveta imekufa mara tatu. Ya kwanza ndani ya wiki tano, wakabadilisha bila maneno, sawa. Ya pili wakaniambia nimechaji vibaya, kuchaji vibaya ni kuchomeka plagi ukutani au kuna namna nyingine? Ya tatu nilisikia harufu ya plastiki nikiwa naendesha, nikasimama pembeni nikafungua buti, nati ya seli ya tisa imelegea, kichwa cha waya kimekuwa cheusi na kifuniko kimeyeyuka. Wakuu hilo si jambo dogo. Mwaka 2008 huko South Carolina, Marekani, kuna Prius iliyogeuzwa hivihivi iliungua ikiwa barabarani, na walipochunguza ikaonekana chanzo ni viungo vya nati ambavyo havikuunganishwa vizuri, vikapata moto. Nati tu. Nilivyolisoma hilo nikakumbuka kijana aliyenifungia alikuwa anakaza kwa spana ya kawaida huku anaongea na simu begani.

Kati ya hapo ikaja P0AA6, umeme wa volti mia mbili unavuja kwenda kwenye bodi, gari ukiizima haiwaki tena. Kumbe waya waliupitisha chini ya kiti bila mpira wowote ukawa unasuguana na chuma. Hiyo niliigundua mwenyewe kwa tochi, nikiwa nimelala chali, na malipo ya kunivutia gari nililipa mimi.

Kinachonikera kuliko hivyo vyote ni kwamba hakuna mwenye mzigo. Nikimpigia fundi aliyefunga ananiambia ni mambo ya muuzaji wa seti. Muuzaji wa seti anasema betri yake nzima, fundi ndo kaharibu. Naenda kwa mawakala rasmi wa Toyota, hawataki hata kuigusa, wanasema toa hayo madude kwanza ndo turudi kuongea, na kusema kweli hao siwalaumu. Karatasi ya gwarantii niliyopewa ina mistari mingi kweli, kumbe yote ni ya kunitoa mimi nje, mmoja unasema gwarantii inakufa kama gari ina "hitilafu yoyote ya mfumo wa haibridi". Sasa si ndo hiyo seti yenu imeisababisha?? Bima nao nilikuwa sijawaambia kama nimeongeza betri, hilo kosa langu nakubali, lakini kama umefunga na hujawaambia waambie leo, usisubiri gari iungue ndo uanze kutafuta maneno.

Uzito nisiuseme. Nyuma gari imekaa kama imebeba simenti, taa za mbele zinamulika ndege, na tairi la spea limebaki nyumbani kwa sababu pale ndo alipokaa mfalme.

Najua kuna mdau atakuja kusema yeye yake inadunda mwaka wa pili. Nakuamini mkuu. Kama safari zako ni fupi, tambarare, huzidi arobaini, na we mwenyewe unajua kushika mita, unapima seli moja moja na kukaza nati kila mwezi, unaweza ukafaidi. Ila hapo we ni fundi mwenye gari, si mteja. Mimi niliuziwa kama mteja, niliambiwa chomeka usahau. Na seli zenyewe moja ikibaki nyuma ya wenzake pakiti nzima inajikata, uniti 4 zinageuka mbili na nusu, na kile kisakiti chao cha kusawazisha seli ni kidogo mno, kingehitaji usiku kadhaa wa kuchaji kurekebisha tofauti ndogo tu.

Jumamosi naing'oa yote. Plagi ya machungwa, ile ya kukata umeme wa betri kubwa, nitaitoa kwanza na nitasubiri dakika 10, glovu ninazo, hilo msinifundishe. Ninachotaka kujua kutoka kwa aliyewahi kuitoa seti ya namna hii: zile waya walizozikata kwenye plagi ya kompyuta ya betri wakaweka kiboksi chao katikati, nikiziunga zilivyokuwa gari inarudi kusoma chaji yenyewe, au lazima nichomoe betri ya volti 12 isahau uongo wote iliolishwa? Mwenye picha ya hiyo plagi ikiwa bado haijachokonolewa aiweke hapa tafadhali, maana yangu rangi za waya zimefunikwa na selotepu nyeusi mwanzo mwisho. Na wewe unayetaka kuniambia ninunue seti ya kampuni nyingine ambayo ni "tofauti kabisa", pita tu.