Naomba ushauri: wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wananyamaza darasani

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Baiolojia kidato cha kwanza, shule ya kata hapa Tanzania, mkondo mmoja wanafunzi 78. Wengi wametoka shule za msingi walikosoma karibu kila somo kwa Kiswahili, na sasa ghafla ni Kiingereza. Nikiuliza swali, kimya. Wiki iliyopita binti mmoja alinyoosha mkono, akajibu nusu kwa Kiswahili, darasa zima likamcheka. Tangu siku hiyo hanyooshi tena na amehamia dawati la nyuma. Inaniuma, maana jibu lake lilikuwa sahihi kabisa.

Nimeanza kuwasalimia mlangoni kwa majina (nimeshika kama arobaini hivi) na kucheka nimekataza, lakini wanacheka chinichini.

Nimrudishe vipi huyu binti bila kumwaibisha mbele ya wenzake? Nimefikiria kuwaacha wajadiliane kwanza kwa Kiswahili wawili wawili, ndipo tuandike Kiingereza ubaoni, ila mwalimu mwenzangu anasema nitawadumaza. Aliyewahi kujaribu kwenye darasa kubwa namna hii, tafadhali aniambie ilikuwaje.