Naombeni ushauri: nisaini kwamba mgeni ananifundisha kazi, wakati ninayemfundisha ni mimi?

Binti wa Kiboriloni:

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi na mwisho wa kuamua ni Ijumaa. Naomba wenye uzoefu wa kazi za ofisini hapa Arusha mnisaidie.

Nilimaliza Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), shahada ya usimamizi wa utalii, nikarudi nyumbani Moshi na kusambaza CV mpaka soli ya kiatu ikaisha. Mwishowe nikapata kampuni moja ya utalii hapa Arusha, upande wa rizavesheni. Nilianza kwa kujitolea, napewa nauli na chakula cha mchana, baadaye wakanipa mkataba wa mwaka mmoja. Kampuni sitaitaja, naomba msiniulize hata pembeni.

Kazi yenyewe ni hii: maombi ya wageni yakiingia napanga ratiba, natafuta nafasi kwenye lodge na kambi, napiga hesabu za viingilio, naandaa bei na kumtumia mgeni au wakala wake wa huko Ulaya. Meneja mauzo tuliyekuwa naye, mama mmoja Mtanzania, aliacha kazi. Sote tulitegemea nafasi itangazwe. Haikutangazwa. Akaletwa dada wa Kizungu ambaye mwanzo alikuja Moshi kujitolea kwenye shule ya watoto, akafahamiana na bosi. Sina ugomvi naye, ni mpole na anajituma. Ila kazi haijui.

Mfano mmoja tu. Tulikuwa na familia ya watu wanane, magari mawili, Serengeti siku tatu kisha kreta ya Ngorongoro. Bei alikuwa anakaribia kuituma. Nilipoitazama nikakuta ada ya kushuka kreta kaiweka mara moja, wakati inalipwa kwa kila gari, dola 250 kabla ya VAT. Na kiingilio cha Ngorongoro alikihesabu mara moja pia. Kwenda Serengeti kwa barabara unapita ndani ya Ngorongoro, tiketi ni ya saa 24, kwa hiyo wakirudi baada ya siku tatu wanalipa upya, vichwa vyote vinane. Tukakaa tukaandika upya, akanishukuru. Hivyo ndivyo tunavyoenda kila wiki. Yeye ana nyumba ya kampuni Njiro na gari. Mimi nina chumba Sakina na daladala.

Sasa wiki hii afisa rasilimali watu kaniita. Wanahuisha kibali cha kazi cha huyu dada na kuna karatasi ya mpango wa urithishaji ujuzi. Imeandikwa kwamba mimi ndiye Mtanzania ninayeandaliwa kuchukua nafasi yake, na kwamba nimeshafundishwa masoko ya nje, mikataba na mawakala, na kusimamia timu. Hakuna hata kimoja. Kikao na mawakala sijawahi kuitwa, hata kwa simu. Nikaambiwa, "Saini tu mdogo wangu, ni utaratibu." Nikaomba nikaisome nyumbani, wakanipa mpaka Ijumaa.

Nikisaini, nimeidanganya serikali kwa jina langu. Nikikataa, mkataba unaisha Desemba na naweza kumwaga unga. Mama anasema nisaini nilinde ugali. Kaka yangu anasema niende Ofisi ya Kazi. Nifanyeje?

Chalii wa Sombetini:

Usisaini, dada. Tunasoma kwa mkopo wa bodi, deni linaanza kutusubiri kabla hata hatujapata pa kulipia, halafu tunaambiwa hatuna uzoefu na mtu aliyekuja juzi anapewa umeneja. Mimi nimesoma hoteli, nina rafiki zangu wanaobeba mizigo mlimani wakiwa na shahada. Na Julai 2025 serikali ilishapiga marufuku wageni kwenye kazi 15, mojawapo ya utalii. Kesho asubuhi nenda Uhamiaji.

Mama Ngaramtoni:

Mwanangu, pole. Chalii ana uchungu na ana haki ya kuwa nao, lakini asikutume vitani yeye akibaki kijiweni. Kodi ya chumba Sakina unalipa wewe. Subiri waje wanaoijua sheria.

Dereva Mkongwe:

Marahaba binti. Mimi ni dereva mwongozaji, nimeshika usukani wa Land Cruiser miaka mingi, Kijerumani nilijifunzia barabarani. Nikuulize: kwa nini bosi kamchukua yule? Ndiyo, bosi anaona sura ya Kizungu inamtuliza wakala. Hilo lipo, na linauma. Lakini lipo na la pili. Biashara ya safari haifungwi pale Mnara wa Saa. Inafungwa kwenye maonyesho ya utalii ya ITB Berlin kila Machi, na hapa kwetu kwenye Karibu-KiliFair mwezi wa sita. Pale ndipo wakala anapokaa na meneja, wanakubaliana bei za msimu, na jina linaloandikwa kwenye daftari la wakala ndilo litakalopigiwa simu. Mameneja wangapi nimewaona wanahama kampuni na mawakala wanahama nao! Wewe unajua hesabu za geti kuliko yeye, lakini mawakala wanamjua yeye. Karatasi ikisema unarithishwa, basi urithi wenyewe ni hao mawakala. Mengine yote unayo tayari.

Mwana HR Themi:

Nimefanya kazi za rasilimali watu hapa mkoani, hotelini na mashambani, na karatasi za aina hii nimezijaza. Naomba muda wako kidogo, dada, maana kuna vitu vimechanganywa.

Kwanza amri ya Julai 2025 aliyoitaja Chalii. Ile inahusu leseni za biashara. Imemzuia asiye raia kufanya biashara 15, kama kutuma na kutoa fedha kwa simu, kutengeneza simu, uchimbaji mdogo na kuongoza watalii. Dada wa Kizungu ofisini kwako haongozi watalii na hana biashara yake, ameajiriwa. Ukienda na hoja hiyo utarudishwa mlangoni, na kazini watakuwa wameshajua ulikwenda.

Sheria inayokuhusu ni ya Kuratibu Ajira za Wageni, ya mwaka 2015. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Uhamiaji wao hutoa kibali cha ukaazi, na kwa mwajiriwa ni daraja B. Watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Sheria hiyo inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alifanya juhudi za kumpata Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na inamtaka awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa yule mgeni katika muda atakaokuwa hapa. Kibali cha kwanza hakizidi miezi 24, baada ya hapo ni kuhuisha, na wakati wa kuhuisha ndipo swali linaulizwa: mmemrithisha nani, na amefikia wapi?

Kwa hiyo ona ulipokaa. Wao ndio wanaoihitaji saini yako wiki hii. Baada ya Ijumaa hawataihitaji tena mpaka kibali kingine. Nafasi hii haitakurudia karibuni.

Sikushauri ukatae. Ukikataa, Jumatatu watamwita mwenzako wa mapokezi, atasaini, na wewe utabaki na jina baya. Sikushauri usaini ilivyo pia. Ile karatasi inakwenda serikalini ikiwa na jina lako, na siku ukiomba umeneja na ukakosa, watakutolea hiyo hiyo: ulifundishwa yote, ukashindwa.

Cha kufanya ni kuirekebisha. Mwambie afisa wako kwa adabu kwamba uko tayari kabisa kurithishwa na unaomba mpango uwe wa kweli. Palipoandikwa "amefundishwa", paandikwe "atafundishwa", pembeni na mwezi na jina la mhusika. Niamini, hata yeye afisa atashusha pumzi, kwa sababu naye anajua anachokiandika. Mpango wenye tarehe za mbele unakubalika vizuri mezani kwa afisa kazi.

Kuhusu kufukuzwa: mkataba wa muda maalumu hauvunjwi kabla ya Desemba bila sababu halali. Wakikuachisha, una siku 30 za kufungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalizo, mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga hiyo, kwa hiyo angalia tarehe ya mkataba wako, siyo ya siku ulizojitolea. Na kama una maandishi yanayoonyesha uliahidiwa kuendelea, kutohuisha mkataba nako kunaweza kuhojiwa. Karatasi inayosema unaandaliwa kuwa meneja miaka miwili ijayo ni andiko la namna hiyo. Fikiria hilo vizuri.

Mkenya Usa River:

Habari dada. Mimi ndiye huyo mgeni mnayemjadili, tofauti ni kwamba nimetoka hapo ng'ambo ya Namanga. Ni mhasibu shambani. Wengi hudhani Mwafrika Mashariki anapita tu kwa sababu ya Soko la Pamoja la 2010. Hapana, kibali cha kazi nilikiomba na kukilipia kama wengine.

Nami nilipewa kijana wa Kimeru wa kumrithisha. Nilimfundisha kwa moyo, kwa sababu nami kwetu kuna wageni waliokalia viti vya vijana wa nyumbani, najua inavyochoma. Siku moja afisa kazi alikuja shambani kukagua. Hakuniuliza mimi. Alimwita yule kijana peke yake, akamuuliza: funga hesabu ya mwezi nione. Kijana akafunga. Sasa wewe jiulize, wakija hapo ofisini wakuambie, haya, tuonyeshe mkataba mmoja wa wakala uliouandaa, utawaonyesha nini ikiwa umesaini kwamba ulifundishwa?

Halafu usimweke kando yule dada mwenyewe. Mweleze. Huenda hajui kabisa kwamba karatasi hiyo ipo. Wageni wengi tunapewa fomu tunasaini, ofisi inamalizia.

Mpare wa Majengo:

Mimi nitasema lisilopendeza. Nina kampuni ndogo ya kupandisha watu mlima, hapa Moshi. Wahitimu wanakuja na vyeti vizuri, lakini barua ya mgeni wa Marekani iliyoingia usiku inajibiwa kesho kutwa, kwa mistari miwili, na kufikia hapo keshanunua kwa mwingine. Kijana anayejibu kwa wakati, kwa sentensi zilizonyooka, nikimpata simwachi hata akitaka mara mbili ya mshahara. Huyu binti kwa maelezo yake ni wa namna hiyo. Asiogope sana Desemba. Mtu anayejua kwamba tiketi ya Ngorongoro inakatwa mara mbili ana thamani mji huu, na kampuni ni nyingi.

Chalii wa Sombetini:

Mkuu Mpare, nakuheshimu, ila wapeni basi vijana nafasi ya kujifunza kujibu hizo barua. Mnataka mtu aliyeiva, na jiko hamuwashi. HR, nimekuelewa kuhusu ile amri, asante.

Binti wa Kiboriloni:

Nawashukuru sana, nimesoma kila mmoja zaidi ya mara moja. Mkataba wangu umeshapita miezi sita, nimeangalia. NSSF wanakata kwenye mshahara, na nimeingia kwenye mfumo nikaona michango inapelekwa. Ushauri wa Mkenya nimeufanyia kazi leo leo. Wakati wa chai nilimwambia yule dada kuhusu karatasi. Alishangaa kweli, akaniuliza mbona jina lake limo na hajaonyeshwa. Akasema yupo tayari niwe naye kwenye simu za mawakala kuanzia wiki ijayo, na kwamba yeye mwenyewe hana mpango wa kuzeekea hapa. Nilimwona anamaanisha.

Nimeandika hivi, naomba HR anikosoe:

"Nimeupokea mpango wa urithishaji ujuzi na ninaukubali kwa moyo mmoja. Ili taarifa iendane na hali halisi, naomba yafuatayo yarekebishwe. Moja, mafunzo ya masoko ya nje na mikataba yaonyeshwe kuwa yataanza mwezi huu, na nishiriki vikao vyote na mawakala. Mbili, nihudhurie Karibu-KiliFair ijayo kama mwakilishi wa kampuni, jina langu likiwa kwenye kadi. Tatu, nianze kusimamia mawakala wangu mwenyewe nitakapokuwa tayari. Nne, mshahara wangu naomba ufikiriwe kadiri majukumu yanavyoongezeka."

Mwana HR Themi:

Umeandika vizuri, mdogo wangu. Nakugusia mawili. Namba tatu, toa "nitakapokuwa tayari", kwa sababu atakayeamua kama uko tayari siyo wewe. Taja mwezi, na taja mawakala wenyewe kwa majina, hata wawili wadogo wanaoagiza safari chache. Namba nne iondoe kabisa kwenye karatasi hii. Ukichanganya mshahara na kibali, bosi ataona unamtoza kwa ajili ya saini, na atakuwa na la kukushikia. Mshahara uulizie Oktoba, mnapozungumzia mkataba mpya, ukiwa umeshakaa kwenye vikao viwili vitatu.

Na kabla hujampelekea karatasi mkononi, itume kwa barua pepe ya ofisi Alhamisi jioni, nakala iende kwenye barua pepe yako binafsi.