Mtu na bango kwenye fremu moja: kwa nini mara nyingine haviongei?

MtaaKwaMtaa
Wakuu, salaam. Naomba tujadili picha za mtaani zisizopangwa, zile ambazo vitu viwili visivyojuana vinakaa kwenye fremu moja na ghafla vinaanza kusemezana: mpita njia na bango, mzee na sanamu, maandishi ya daladala na uso wa abiria dirishani. Mtu akipita mbele ya bango lenye uso mkubwa, kwa macho unaona kabisa kuna kitu. Ukiangalia picha, unaona mtu, unaona bango, basi. Nini hasa kinafanya jicho liviunganishe? Ni mahali pa kusimama, ni lenzi, au ni ule wakati wa kubonyeza? Vifaa ni lenzi ya 35mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), pamoja na simu. Maeneo ni Kariakoo na Posta, mchana.

FundiLenzi
Mkuu, mahali pa kusimama kwanza. Lenzi ya pili, na tena kwa mbali.

Macho yako mawili yanajua kwamba bango liko nyuma na mtu yuko mbele, na akili inaruka kutoka huku kwenda kule bila kujali vilivyo katikati. Kamera inalaza vyote kwenye karatasi moja. Hapo ndipo pana hasara na faida kwa pamoja: kitu cha mita 5 kinaweza kugusana na kitu cha mita 12, lakini kwa sharti kwamba wewe umevipanga kwa miguu yako.

Ukubwa unaoonekana ni kimo gawanya kwa umbali. Chukua bango lenye mtu wa kimo cha mita 4, liko mita 12 kutoka ulipo. Nne kwa kumi na mbili ni theluthi moja. Mpita njia wa mita 1.7 atalingana naye akiwa mita 5 hivi kutoka kwako. Akipita mita 9, atakuwa zaidi kidogo ya nusu yake, na sasa picha inasema mtu mdogo mbele ya jitu. Akipita mita 2.5, yeye ndiye jitu. Ni bango lile lile na mtu yule yule, ila maana ni tatu tofauti. Kubadilisha 35mm kuweka 50mm bila kusogea hakugusi uwiano huo hata kidogo, kunapunguza tu pembezoni.

Sasa kusogea pembeni. Mtu yuko mita 5, ukuta mita 12: ukihama sentimita 50 kwenda kulia, yeye anahama kwenye ukuta sentimita 70 kwenda kushoto. Ukichuchumaa ukashusha kamera sentimita 40, kichwa chake kinapanda ukutani kama sentimita 56. Kwa hiyo kama unataka kichwa kifike mdomoni mwa yule wa bangoni, piga goti. Watu wengi wanasimama wima na kubahatisha, halafu wanalaumu lenzi.

Jambo linaloua picha nyingi ni kugusana nusu nusu: sikio la mtu linalamba ukingo wa bango, au kichwa cheusi kinaangukia sehemu nyeusi ya bango na kupotea. Chagua moja. Ama kimoja kiingie ndani ya kingine kwa makusudi, ama uache upenyo wazi kati yao, hata mdogo. Kabla mtu hajafika, tafuta sehemu nyeupe au ya rangi moja kwenye bango na uamue kwamba kichwa kitakaa pale.

Fokasi iwe ya mkono, mita 5, tundu la lenzi f/8. Kwa 35mm hiyo inakupa ukali kuanzia mita 2.5 hadi mbali sana, hivyo mtu na bango vyote vinasomeka. Ukifungua tundu hadi f/2 kwa sababu unapenda nyuma kufifia, umefuta nusu ya sentensi. Shata (muda wa kupokea mwanga) 1/500 ya sekunde. Mtembea kwa miguu anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Akikatiza mbele yako mita 4, kwenye 1/250 ukungu wa mwendo tayari unaonekana ukikuza picha. Kivulini weka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 800 hadi 1600, juani 200 inatosha.

Kuhusu mchana wa Dar: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita utosini kabisa, na miezi ya jirani halitofautiani sana. Nyuso zinakuwa na mashimo meusi machoni. Toka saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Mtu akiwa kivulini na bango likiwa juani, tofauti ni kama stopu tatu, yaani mwanga mara nane. Pimia bango, na mtu akubali kuwa na giza, au tafuta pembe nyingine. Vyote viwili vikiwa na mwanga mzuri hutavipata bila kung'arisha vivuli baadaye.

PichaMwembeTayari
Nakubaliana na hesabu, ila swali la MtaaKwaMtaa lina upande wa pili. Jicho haliunganishi vitu viwili kwa sababu vinatofautiana, kwani mjini kila kitu kinatofautiana na kila kitu. Linaunganisha kwa sababu kuna jambo moja vinafanana: umbo, mwelekeo, mkao wa mkono, rangi. Ule mfanano ndio unaovuta, halafu tofauti ndiyo inayouma. Bila mfanano unabaki na mtu na bango, kama ulivyosema.

Angalia picha ya Mfaransa Henri Cartier-Bresson nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, 1932. Mtu anaruka dimbwi, kisigino bado hakijagusa maji. Nyuma, kwenye tangazo la ukutani, kuna mcheza dansi mdogo naye yuko hewani, akielekea upande wa pili. Ruko kwa ruko. Yule wa tangazo ni mdogo mno, unamwona wa pili, na hiyo ndiyo raha yake. Isitoshe, mrukaji ana ukungu wa mwendo, kwa hiyo ukali si kila kitu, FundiLenzi. Kilicholindwa pale ni umbo: miguu imeachana na mwanga unapita katikati. Kwa mpita njia wa kawaida pia, bonyeza miguu ikiwa imefunguka kama mkasi. Ikikutana anageuka nguzo.

Halafu picha ya Mmarekani Margaret Bourke-White, Louisville, Kentucky, 1937. Watu weusi waliokumbwa na mafuriko ya mto Ohio wamepanga foleni ya msaada. Juu yao kuna bango la familia ya kizungu ndani ya gari, wanatabasamu, na maandishi yanayojigamba kwamba Marekani ina maisha bora kuliko kote duniani. Foleni ni mstari wa kulala, bango nalo ni la kulala. Waliopanga foleni wamejaa upana wote wa fremu chini, gari limejaa juu, hakuna barabara wala anga ya kulipunguza jambo. Hata hivyo, picha hiyo mara nyingi inaelezwa kama foleni ya watu wasio na kazi, na mafuriko yanasahaulika. Vitu viwili vikikaa pamoja, mtazamaji hujitungia sababu. Andika maelezo yako sawasawa.

MtaaKwaMtaa
Nimeelewa sana, shukrani. Na simu je? Na Kariakoo watu wamejaa, hakuna mmoja anayepita peke yake.

FundiLenzi
Kwa Kariakoo nenda Jumapili asubuhi, au shusha kamera chini ya usawa wa vichwa ili vichwa vya mbali vishuke na kufichwa na mtu wako. Watu watatu mbele ya bango moja ni umati tu. Uhusiano unavunjika.

Simu: kamera kuu ni pana, kama 24 hadi 26mm, kwa hiyo sogea. Zima hali ya potreti, kwani inafifisha bango unalolihitaji. Bonyeza na ushikilie juu ya bango mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Ukiiachia ijiamulie, kivulini inaweza kushuka hadi 1/100 na miguu ikawa moshi. Kama ina hali ya Pro, weka 1/500 mwenyewe. Lenzi ya 0.5 inavuta watu wa pembezoni wakawa wapana, epuka.

BintiMalindi_Znz
Kaka zangu, mmesahau kanga. Hakuna bango linalotembea kama kanga.

Jina la kanga, yaani yale maneno yake, liko ndani ya mji (sehemu ya katikati), karibu na pindo la chini, kwa hiyo aliyejifunga kiunoni utalisoma nyuma, chini ya mapaja, na mikunjo inalikata maneno. Kuwa mita 2 hadi 3 nyuma au ubavuni, kamera usawa wa kiuno, na usubiri hatua ndefu: kitambaa kikinyooka, jina linafunguka kwa nukta moja. Herufi zisipungue moja ya arobaini ya kimo cha fremu. Picha ya kulala kwenye skrini ya simu ina kimo cha sentimita nne na kitu, hivyo hapo herufi ni milimita moja tu. Chini ya hapo hakuna anayesoma.

Maandishi husomwa kabla ya kitu kingine chochote, kisha jicho linatafuta yanamhusu nani. Kile cha pili kiwe karibu na jina, si kona ya mbali. *Wema hauozi* na mkono unaompokea mtoto mzigo, hapo umeandika. Lakini yale majina ya mafumbo na vijembe yaangalie mara mbili, maana aliyevaa ataonekana ndiye anayemsema jirani yake, na pengine kanga kapewa tu.

Kwa hilo hilo la heshima, ipo picha ya Mmarekani Dorothea Lange ya Machi 1937: wanaume wawili na mizigo yao wanatembea barabarani kuelekea Los Angeles, pembeni kuna tangazo la reli linalowaambia watu wapande treni wapumzike. Wanaonekana kwa mgongo. Hakuna uso hata mmoja na picha haijapungua chochote. Kwetu pia ni njia salama, kwa sababu picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa taarifa binafsi, kwa sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Wagonjwa, waliolala chini na watoto, msiwaweke kando ya bango lolote la kuwafanya kichekesho.

PichaMwembeTayari
Dada, umenena. Niongeze moja kwa wanaotuma Instagram: picha ya kulala ya 3:2 (upana 3 kwa kimo 2) ukiikata iwe 4:5 unabaki na kama asilimia 53 ya upana. Mtu akiwa ukingo wa kushoto na bango ukingo wa kulia, kimoja lazima kife. Kama unajua itaishia huko, simamisha kamera wima tangu mwanzo, mtu chini na bango juu yake.