Mtoto anachambua mboga kwenye chapati: nimejaribu njia nne, niendelee na ipi?

mama_wawili (Chumbageni, Tanga)

Asalaam aleykum, habari za jioni ndugu zangu. Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka mitatu na nusu, wa kike ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mdogo anakula chochote unachomwekea. Kaka yake ndiye anayeninyima usingizi. Wali anakula, samaki anakula, maharage ananywa mchuzi anaacha punje, lakini kitu cha kijani kikikaribia mdomo anauma meno. Na alipokuwa na umri wa mdogo wake alikuwa anakula matembele bila shida, kwa hiyo siwezi kusema hakuzoeshwa.

Nimejaribu njia nne, nazieleza zote ili mnisaidie kulinganisha.

Kwanza kuficha. Karoti naikwaruza laini, mchicha nauchemsha nausaga, nakandia unga wa chapati. Karoti inapita, hajui. Mchicha umenishinda. Juzi nimemkuta kakaa kwenye mkeka, chapati kaikunjua mapajani, anatoa vidoa vya kijani kwa ncha ya kucha, kimoja kimoja, anavipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayechambua mchele. Alipomaliza akala chapati yake ina matundu.

Pili kumpa ahadi: kula vijiko viwili vya mchicha nikununulie barafu ya ukwaju. Siku tatu alikula. Siku ya nne, sijapakua hata, ananiuliza barafu iko wapi. Sasa bila barafu kijiko hakigusi.

Tatu kumlazimisha. Nilimshika nikamlisha, akatapika chote, na wali juu. Iliniuma sana, sitarudia.

Nne kumwekea kidogo pembeni ya sahani na kunyamaza. Hii ni wiki ya pili. Hali, ila siku hizi hasukumi sahani.

Baba yake anasema nishike njia moja niache kuhangaika. Nyie mmefanyaje?

mpishi_wa_ngamiani

Waaleykum salaam dada. Mimi nasimama na kuficha, ila ulichoficha siyo. Mchicha kwenye chapati utaonekana tu, unga mweupe hausetiri. Ficha kwenye kitu chenye rangi yake. Boga lichemshe uliponde, kandia unga, chapati inakuwa ya manjano na tamu, mtoto anafurahi. Maharage: kaanga kitunguu, nyanya, karoti na hoho mpaka vilainike kabisa, viponde kwa mwiko, ndipo umwage maharage na tui. Biringanya ukiichemsha na samaki inayeyuka kwenye mchuzi, hata mtu mzima haioni. Karoti na hoho za Lushoto zimejaa pale Mgandini, usitafute vitu vya ghali.

Mwili wa mtoto unahitaji chakula leo, hausubiri mpaka akubali.

muuguzi_lishe

Dada, kwanza tulia. Anachofanya mwanao kina umri wake. Watoto wengi kuanzia miaka miwili mpaka kama sita wanaogopa vyakula, hata walivyokuwa wakila zamani. Na mtoto huzaliwa anapenda utamu na kukataa uchungu, na majani mengi yana uchungu kidogo. Si ukaidi, wala si kosa lako.

Katika njia zako nne, mimi ningekaa na ya nne, na ningesikitika ukiiacha sasa. Ulimi huzoea kwa kuonja. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kilekile mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali, na wazazi wengi huacha kwenye ya tatu au ya nne. Kuonja ni kuonja kweli: kulamba, kuuma akatema, vyote vinahesabika. Kumwekea tu pembeni kunaondoa woga, lakini siku moja moja mwombe aguse kwa ulimi, akikataa basi.

Ahadi ya barafu iache. Ukimwambia "kula hiki upate kile", anajifunza kwamba hiki ni kibaya na kile ni kizuri. Ukitaka kumpongeza akionja, mpe kitu kisicholiwa, mchoree nyota mkononi kwa kalamu.

Kuficha sikukatazi, chakula kinaongezeka kweli. Ila kuficha hakumfundishi kupenda mboga, kwa sababu hajui kama amekula. Kwa hiyo ficha kwenye maharage, na hapohapo mboga inayoonekana iwepo sahanini.

Mengine ya haraka. Mboga za majani na za rangi ya chungwa zipikwe na mafuta au tui, vitamini A yake inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Kamulia ndimu, inasaidia madini ya chuma ya kwenye majani kufyonzwa. Chai usimpe pamoja na chakula, inayazuia. Karoti mbichi ya vipande vya duara usimpe kabisa umri huo, inaweza kumkaba. Na angalia kadi yake ya kliniki kama amepata matone ya vitamini A, hutolewa kila miezi sita mpaka mtoto atimize miaka mitano, na dawa ya minyoo pia, maana minyoo hupunguza hamu ya kula. Kama hakui kwa uzito, au amepauka viganja na macho, usisubiri ushauri wa hapa, mpeleke.

Yule mdogo endelea kumpa mboga na matunda kila siku, aina tofauti tofauti, wakati bado amefungua mdomo. Huo ndio msaada mkubwa kuliko wote.

baba_wa_raskazone

Mimi kuficha kulinipotezea imani ya binti yangu. Aligundua bamia kwenye katlesi, kwa miezi miwili akawa anavunja kila chakula anachopewa anakagua ndani, hata andazi. Tulichofanya ni kupanda. Nilijaza udongo na samadi kwenye kiroba, nikapanda vipando vya matembele. Yanashika upesi, na Tanga joto na mvua vipo. Kazi ya kumwagilia ikawa yake kwa kopo lake. Kuchuma anachuma yeye, kuosha anaosha yeye. Alianza kula majani machache aliyochuma mwenyewe, na ya sokoni aliyakataa muda mrefu. Kwa hiyo inachukua muda, lakini hana woga tena.

bibi_makorora

Mwanangu mama_wawili, marhaba. Nimesoma yote, hakuna aliyekuuliza huyo mtoto anakula na nani.

Umesema umemkuta kwenye mkeka na sahani yake. Peke yake? Sisi tulilelewa kwenye sinia. Watoto watano, sita, mkono wako unaona mkono wa mwenzio unakwenda wapi. Hakuna aliyebembelezwa. Ukichelewa, bamia zimekwisha, na ukiona mwenzio anagombea kitu unataka ujue kina nini. Leo kila mtoto ana kisahani chake na kijiko chake, mama kasimama kichwani anamtazama mdomo. Hata mimi ningekataa.

Mpikie kisamvu, kina ladha iliyotulia, hakina uchungu wa mchunga. Kitwange mpaka kilainike kabisa, kichemshe sana, tena sufuria wazi, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Wengi wanatia magadi ili kiive upesi, wewe usitie, uache moto ufanye kazi. Kikiiva ndipo utie tui la pili kichemkie, na la kwanza mwishoni, ukoroge lisikatike. Weka katikati ya sinia na wali, kaa chini nao, kula wewe mwenyewe mbele yake.

muuguzi_lishe

Bibi, shikamoo. Hilo nimelisahau na ni kubwa. Mtoto humwiga mtoto mwenzake, hasa aliyemzidi umri kidogo. Na la magadi ni kweli, yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B.

mpishi_wa_ngamiani

Nakubali sinia. Lakini mzazi anayerudi kazini saa mbili usiku, watoto wawili tu ndani, sinia la kugombea litatoka wapi? Chapati ya boga inabaki pale pale.

mama_wawili (Chumbageni, Tanga)

Bibi shikamoo, na ahsanteni wote. Narudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi inbox.

Barafu nimeiacha kabisa, siku mbili za kwanza alilia. Maharage ya mpishi yanapikwa kila wiki, hoho haijagundulika. Siku za kazi naendelea kuweka pembeni bila neno. Ijumaa tunakwenda kwa wifi yangu, watoto wake watatu, sinia moja.

Ijumaa ya kwanza alikaa pembeni yangu akala wali mtupu. Ya pili wifi alipika mchuzi wa bamia na nguru. Mtoto wake wa miaka mitano akawa anavuta bamia, anaikamua kwa vidole, mbegu zinatoka, anazila mbegu kwanza. Wangu kamtazama muda mrefu. Akachukua bamia moja, akaikamua, mbegu zikamrukia kidevuni, wakacheka wote. Akalamba kidole. Nilimkumbuka muuguzi nikahesabu moja, na nikainamia wali wangu nisimtazame.

Jana ilikuwa ya tatu. Amekula mbegu za bamia nne. Maganda kampa binamu yake. Kisamvu bado hajakigusa, lakini sinia lilipogeuzwa kikawa upande wake, hakuligeuza tena.

Baba wa Raskazone, kiroba cha matembele ulikitoboa pembeni au ulipanda juu tu? Nimepata kimoja cha mchele, nataka tuanze Jumamosi.