Nimelipa 60,000 ya kozi ya ufunguzi wa chesi, dogo wa Form Two kanifunga kwa kitu ambacho hakimo

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Nina miezi minne kwenye chesi, reti yangu, yaani alama za uwezo wa mchezaji, inachezea 700, bado mwanzoni kabisa. Mwalimu mmoja wa mtandaoni kanishawishi nilipie kozi ya Najdorf, ule ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, waliokuwa wakiucheza mabingwa wa dunia akina Fischer na Kasparov. Eti kariri hatua 15, utawanyoosha wote. Nimekariri wiki tatu, mpaka kwenye daladala, kituo kimenipita mara mbili.

Jana nikakaa na dogo wa mtaani. Kaanza e4, yaani kasogeza askari hadi mraba wa e4, nikajibu na askari c5, moyoni nasema leo ndiyo leo. Hatua ya pili dogo kamtoa malkia hadi h5. Malkia! Kwenye kozi kitu hicho hakipo kabisa. Nikatoa farasi f6 kumfukuza, malkia akateleza akala askari wangu wa c5. Basi, nikavurugwa. Hatua ya 19 mfalme wangu hana pa kwenda, na muuza chipsi anacheka.

Kinachoniuma ni hiki. Usiku nimepanga kete upya, nikaona farasi yule yule angekula askari wa e4, asiyelindwa na mtu, huku akimvamia malkia. Deni lingelipwa pale pale, malkia akaanza kukimbia yeye. Hatua ya tatu tu, jamani! Sikuiona kwa sababu nilikuwa natafuta hatua za kozi kichwani badala ya kutazama ubao.

Nimemlalamikia mwalimu, kaniambia ninunue kozi ya pili, ya "hatua zisizo za kawaida". Huyu ana akili timamu kweli?

Sisi wa reti 700 tufundisheni kushika katikati, kutoa farasi na maaskofu, kumficha mfalme mapema, na kujiuliza kila hatua mwenzako anatishia nini. Ufunguzi wa Kiitalia unatutosha: e4, farasi f3, askofu c4, kila hatua sababu yake unaiona. Gemu ikiisha, rudi uangalie ulipoharibu mwanzoni, ongeza hatua moja ya kujua. Capablanca, bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alisisitiza watu waanze kusoma mwisho wa gemu. Ila huko mwalimu wangu hakunipeleka, sivyo?

Na asije mtu hapa na "ungeimaliza kozi kwanza". Nimeimaliza. Nataka hela yangu, na dogo anataka marudiano Jumamosi.